Redio ya SiriusXM ndani ya Corolla 110: itashika huku Unguja?

Fuoni_110:

Assalaam alaykum wana jukwaa. Nnaomba msaada wa wanaojua umeme wa magari.

Gari ni Corolla 110 ya 1998, imeshuka kutoka Japani na bado ina redio yake ya kaseti, ile inayoanzia 76.0 na kuishia 90.0. Stesheni nyingi za hapa ziko juu ya 90, kwa hivyo redio ni pambo tu.

Jamaa kaniletea kutoka Marekani redio ya kimo kimoja (ile nyembamba, si ya skrini), ina Bluetooth na USB, na mbele imeandikwa SiriusXM-Ready (SiriusXM ni redio ya satelaiti ya kulipia ya Marekani). Pamoja nayo kuna kisanduku kidogo kiitwacho SXV300 na antena ya sumaku ya kubandika juu ya bati. Nimeijaribu mezani kwa betri, inawaka. Maswali:

Satelaiti itashika hapa? Kwenye skrini inaniambia hakuna mawimbi hata nikiitoa antena uwanjani.

FM yake inaruka namba: 97.1, 97.3, 97.5. Witiri tupu, shufwa haisimami. Ni mbovu?

Plagi mbili za Toyota nyuma ya redio ya zamani haziingii kwenye hii mpya. Nimeshauriwa nizikate niunge rangi kwa rangi. Ni sawa?

Na tundu la dashibodi ni pana kuliko redio, inacheza pembeni.

MaalimMita:

Waalaykum salaam. Nianze na satelaiti, maana hiyo ndiyo itakayokupotezea muda.

Haitashika, na tatizo si kifaa wala si antena. Satelaiti za SiriusXM zimesimama juu ya ikweta upande wa Marekani, kwenye longitudo za karibu 85 na 115 magharibi. Unguja ipo 39 mashariki. Baina yetu na ile iliyo karibu zaidi kuna nyuzi zaidi ya 120, na satelaiti ya aina hiyo haionekani ikishapita kiasi cha nyuzi 81 kutoka pale ulipo. Kwetu zipo chini ya upeo wa macho, dunia yenyewe imeziba. Ungeipandisha antena juu ya mnara ungepata lile lile. Halafu hata huko kwao mawimbi hayo (2320 mpaka 2345 MHz) yanasaidiwa na minara ya ardhini ndani ya miji, na huku haipo.

Kuna kufuli la pili: kila kisanduku kina namba yake, na hakifunguki mpaka ulipie usajili. Amri ya kukifungua inakuja kwa mawimbi yale yale ya satelaiti. Kwa hivyo ukimpata mtu akakwambia atakufungulia kwa kompyuta, weka pesa zako mfukoni.

Lakini redio yenyewe ni redio kamili. "Ready" maana yake ina tundu nyuma la kupokea kisanduku, basi. Kiondoe kisanduku na antena yake, usivifunge kabisa. Na usijaribu kuitumia ile antena ya sumaku kwa FM; plagi yake haiingii, na imetengenezwa kwa masafa mengine kabisa.

Mkunazini_AM:

Maalim, mbona zamani kulikuwa na redio za satelaiti huku kwetu? Vile vyenye antena bapa unaielekeza juu.

MaalimMita:

Hiyo ilikuwa WorldSpace, mfumo mwengine. Satelaiti yao ya AfriStar ilirushwa Oktoba 1998, ikakaa 21 mashariki, yaani juu ya Afrika hasa, na ikitumia masafa ya karibu 1467 mpaka 1492 MHz. Kampuni ilifilisika 2008 na huduma ikafa. Mashine zake ukizikuta dukani au kwenye soko la mitumba ni za kuwekea kumbukumbu. Hazisikilizi SiriusXM, na SiriusXM haisikilizi ile.

Na kwa anayefikiria dishi la TV lenye stesheni za redio: lile linataka kutazama pahala pamoja bila kutikisika. Gari ikikata kona tu, mawimbi yamepotea.

WayaMweusi:

Nachukua upande wa nyaya.

Usikate plagi za gari. Nasisitiza, maana huu ndio uharibifu unaokutwa kwenye gari nyingi za Japani hapa mjini: plagi imekatwa, nyaya zimesokotwa, selotepu nyeusi imezungushwa. Gari ikikaa juani dashibodi inakuwa tanuri, gundi ya selotepu inayeyuka, tepu inateleza, waya wa spika unagusa bodi (bati la gari, ambalo ndilo hasi) na redio inakufa. Nunua jozi ya plagi za Toyota zenye nyaya zake: moja ya matundu 10 na moja ya matundu 6. Maduka ya redio za magari wanazo, ni kitu cha bei ndogo. Upande mmoja unaingia kwenye plagi za gari, upande wa pili unaunga na mkia (fungu la nyaya) wa redio mpya, na kazi yote ya kuunga unaifanya mezani kwa utulivu.

Rangi za Toyota na rangi za redio za kununua si moja. "Rangi kwa rangi" ndiyo njia ya kuunguza. Kwa Toyota za miaka hiyo mpangilio wa kawaida ni huu (rangi ya gari mwanzo, kisha ya redio mpya):

Buluu yenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, unakwenda kwenye waya wa njano.
Kijivu ni umeme wa ufunguo, unakwenda kwenye mwekundu.
Kahawia ni bodi, kwenye mweusi.
Kijani ni taa za usiku, kwenye wa rangi ya chungwa.
Mweusi wenye mstari mwekundu ni wa antena ya mota, kwenye wa buluu mtupu.

Spika za mbele zipo kwenye plagi kubwa: kushoto ni pinki (chanya) na zambarau (hasi), zinakwenda nyeupe na nyeupe-nyeusi, kulia ni kijani hafifu (chanya) na buluu (hasi), zinakwenda kijivu na kijivu-nyeusi. Spika za nyuma zipo kwenye plagi ndogo: kushoto ni nyeusi (chanya) na njano (hasi), kwenye kijani na kijani-nyeusi, kulia ni nyekundu (chanya) na nyeupe (hasi), kwenye zambarau na zambarau-nyeusi.

Tazama mtego ulivyokaa. Njano ya plagi ndogo ya gari ni hasi ya spika, na njano ya redio ni betri. Nyekundu ya gari ni spika, nyekundu ya redio ni ufunguo. Kijivu ya gari ni ufunguo, kijivu ya redio ni spika: anayeunga rangi kwa rangi anaupiga waya wa spika wa redio volti 12.

Hata hivyo usiniamini mimi wala karatasi, pima. Gari ina zaidi ya miaka 25, hujui nani kapita humo. Mita ya kawaida inatosha:

Ufunguo umezimwa: buluu-njano dhidi ya bodi isome baina ya 12.4 na 12.7, kijivu isome sifuri. Ufunguo kwenye ACC (hatua ya kwanza, injini haijawaka): kijivu ipande mpaka 12 hivi. Washa taa ndogo: kijani ipande. Kisha hamisha mita kwenye ohm: kila jozi ya spika isome kiasi cha 3.2 mpaka 4. Ukisoma sifuri kuna waya umebanwa, ukisoma hakuna kitu spika au waya wake umekatika. Mwisho, na hichi wengi wanakiruka: pima kila waya wa spika dhidi ya bodi. Mita isisome chochote. Ikisoma, usiwashe redio mpaka umpate mwizi.

Sababu ni kwamba redio za kisasa hazitumii bodi kama hasi ya spika. Nyaya zote mbili za kila spika zina volti 6 hivi wakati redio inacheza. Waya mmoja ukigusa bati, ama redio inajizima kujilinda, ama chipu ya sauti inaungua na hapo ni kununua nyengine. Kwa gari kongwe zaidi, za miaka ya themanini, baadhi zilitumia hasi moja kwa spika zote. Hizo vuta nyaya mpya kwa kila spika, waya wa mm² 0.75 unatosha.

Ukiunga: chuna sentimita moja na nusu, vaa kwanza mpira wa kunywea kwa moto, pindisha, lehemu kwa risasi, kisha uvute mpira juu yake na uupashe moto. Selotepu weka mwisho kwa kukusanya nyaya tu, na iwe ya kitambaa.

Fuoni_110:

Ahsanteni sana. Dashibodi inafunguliwaje bila kuvunja plastiki? Na lile pengo la pembeni?

WayaMweusi:

Toa hasi ya betri kwanza, spana namba 10, na usubiri sekunde 90 kabla ya kugusa chochote kama gari yako ina mifuko ya hewa. Plagi za manjano zilizo eneo la usukani na dashibodi ni za mifuko hiyo. Usizipime, usizichokoe kwa testa.

Plastiki ya zamani ikiwa baridi inapasuka. Acha gari juani nusu saa ndipo uanze, klipu zinalainika. Fremu inayozunguka redio imeshikwa kwa klipu, ivute kwa kipande cha plastiki au bisibisi bapa iliyovishwa kitambaa, ukianzia chini. Ikianza kuachia usiipokonye, nyuma yake kunaweza kuwa na plagi za swichi na saa. Baada ya fremu utaona boliti nne za kichwa cha 10, mbili kila upande, ndizo zinazoshika redio yote.

Vyuma vya ubavuni vya redio ya zamani usivitupe. Vifungue uvihamishie kwenye redio mpya, vimetengenezwa kwa tundu hilo hilo. Skrubu zake ni M5 za urefu wa milimita 8. Ukiweka ndefu zaidi inaingia ndani ya redio na kugusa bodi yake ya umeme.

Pengo: tundu la Toyota la soko la Japani lina upana wa mm 200, na redio za vipimo vya kimataifa zina mm 178. Kwa hivyo kila upande unabaki na mm 11 hivi. Vipo vipande vya plastiki vya kujazia, na kwa kuwa yako ni ya kimo kimoja utahitaji pia kisanduku cha mfuko cha kujaza chini yake. Muhimu zaidi kuliko sura ni kuishika redio kwa nyuma: redio isining'inie kwa vyuma vya mbele peke yake. Barabara zetu zitalegeza skrubu ndani ya muda mfupi, na sauti ya kukatikakatika inaanza.

BintiChake:

Mie nijibu la witiri na shufwa, kwa sababu hapo watu wanarudisha redio nzima dukani bure.

Si mbovu. Marekani stesheni zote za FM zimepangwa kwenye desimali za witiri, kwa hatua ya kHz 200. Redio iliyotoka kule inapanda kwa hatua hiyo. Huku kwetu stesheni inaweza kuwa 98.2, na redio yako inasimama 98.1 au 98.3. Utaisikia, lakini herufi "s" zinachanika na muziki una mkwaruzo. Tafuta mpangilio wa eneo. Kwenye redio nyingi unaizima redio kwanza, unabonyeza kitufe cha chanzo kwa sekunde kadhaa, unaingia kwenye mpangilio wa awali. Kwenye baadhi ya JVC na Kenwood imeandikwa AREA na machaguo US, SA, EU, chagua EU. Hapo FM inakwenda kwa hatua ya kHz 50 na AM kwa kHz 9. AM nayo ina maana: Marekani ni hatua ya 10, sisi ni 9, kwa hivyo AM ya Marekani inakosa karibu kila stesheni huku. Redio nyengine zina swichi ndogo chini ya bati. Na zipo ambazo hazina mpangilio wowote, zimefungwa kwa soko la kule. Kabla hujavunja dashibodi hakikisha hilo, maana kama haibadiliki ni bora uiuze na ununue ya soko letu.

Kitu chengine kidogo: redio ya Marekani inapunguza sauti nyembamba zaidi kuliko stesheni za huku zinavyotarajia (kule ni mikrosekunde 75, huku 50). Matokeo ni sauti iliyofifia juu. Panda trebo hatua moja au mbili, yameisha.

Sasa antena, na hapa ndipo lawama nyingi zinapowekwa kwa redio isiyo na kosa. Gari ya Japani ina moja katika aina tatu. Ya kuvuta kwa mkono, hiyo haina shida ila kutu. Ya mota, inataka ule waya wa buluu uwe na volti 12 redio ikiwaka. Na ile iliyochorwa ndani ya kioo cha nyuma, ina kikuza mawimbi kidogo ndani ya nguzo ya gari, nacho kinataka volti 12 kutoka waya huo huo wa buluu. Usipouunga, stesheni za karibu na mnara zinashika, ukitoka nje ya mji zinapotea, na fundi anasema "redio ya kichina hii". Ni waya mmoja tu. Ila usitumie wa buluu mtupu kwa kitu kizito; wengi wake unabeba chini ya nusu ampia. Mota kubwa iwekee relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Wa buluu-mweupe ni wa amplifaya, lakini kama gari haina amplifaya unaweza kukilisha kikuza mawimbi cha kioo kutoka huo.

Kwa sisi wa visiwani, angalia chini ya antena, pale inaposhikana na bati. Hewa ya chumvi inakula muunganiko huo mwanzo kabla ya kitu chochote. Pima ohm kutoka ganda la nje la plagi ya antena mpaka hasi ya betri: isizidi ohm moja. Ikizidi, fungua nati, kwangua bati mpaka ling'ae, paka grisi, funga. Fimbo ya mota iliyoganda usiisukume kwa mkono, inavunja uzi wa meno ndani. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, iwashe na kuizima mara kadhaa, ifute tena.

Fuoni_110:

Mpangilio wa eneo upo, nimeweka EU, sasa inasimama kila pahala. Nimefunga kwa plagi kama mlivyoelekeza, vipimo vyote vimekuja sawa, spika nne zinalia. Yamebaki mawili: ikiwa injini inaunguruma kuna mluzi kwenye spika unaopanda na mafuta, na kila nikizima gari redio inasahau stesheni na saa.

WayaMweusi:

La kusahau ni jepesi. Ama njano na nyekundu zimebadilishana, ama njano haina umeme wa kudumu. Vuta plagi, pima njano ufunguo ukiwa umezimwa. Ikiwa sifuri, nenda kwenye kisanduku cha fyuzi. Kwenye Toyota nyingi za zamani kumbukumbu ya redio inalishwa na fyuzi ya DOME, ile ile ya taa ya ndani. Kama taa ya ndani nayo haiwaki ukifungua mlango, ushampata. Usije ukaunganisha njano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa kudumu ili uepuke kazi. Redio itabaki imeamka usiku kucha na asubuhi betri haina nguvu ya kupiga stata. Gari nzima ikiwa imefungwa isinywe zaidi ya mA 50. Pima kwa kuweka mita ya ampia baina ya hasi ya betri na kebo yake, milango imefungwa, usubiri dakika kumi ili kila kitu kilale.

Ukibadilisha fyuzi weka ya ampia zile zile. Iliyopo mgongoni mwa redio kwa kawaida ni 10. Ikikatika mara mbili kuna waya unagusa, na jawabu si kuweka ya 20.

MaalimMita:

Mluzi nitausema mimi. Unapopanda na mafuta unatoka kwenye alteneta (inayochaji betri), swali ni njia gani unaingilia. Fanya hivi injini ikiwaka:

Punguza sauti mpaka sifuri. Mluzi ukibaki vile vile, unaingia baada ya kidhibiti sauti, yaani kwenye umeme au bodi ya redio. Ukipungua na sauti, unaingia kwenye chanzo. Chomoa plagi ya antena nyuma: ukiisha, ni ganda la antena, rudi kwenye alichokisema BintiChake. Kama unatokea tu ukicheza simu kwa waya huku simu inachajiwa kwenye kiberiti cha gari, ni mzunguko wa bodi mbili. Tumia Bluetooth au weka kichujio cha waya wa sauti.

Kama ni bodi: redio ikicheza kwa sauti kubwa, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye ganda la bati la redio na nyengine kwenye hasi ya betri. Isome chini ya 0.1. Ikiwa 0.3 au 0.5, kahawia wa kiwandani amechoka. Vuta waya mpya mweusi wa mm² 1.5 kutoka mgongoni mwa redio mpaka kwenye boliti ya bati nyuma ya dashibodi, kwangua rangi chini yake. Usiifunge kwenye boliti iliyoshika plastiki tu.

Ikiwa yote hayo ni sawa na mluzi upo, hamisha mita kwenye AC na upime betri yenyewe injini ikiwaka. Ikizidi nusu volti, daiodi ya alteneta inavuja na redio ni mtoa habari tu. Na kwenye DC isome baina ya 13.8 na 14.4.

Fuoni_110:

Ilikuwa fyuzi ya DOME, imeoza mguu mmoja. Mluzi: bodi ilisoma 0.4. Nimevuta waya mpya, sasa 0.04 na kimya. Ahsanteni, Mungu awalipe.

NoahWete:

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina Noah yenye skrini ya kiwandani, ya Kijapani, na sitaki kuitoa kwa sababu ya kamera ya nyuma. Nimeona kinauzwa kidude cha kuongeza masafa. Kinafaa?

BintiChake:

Kinafaa kwa mipaka yake. Kinakaa baina ya antena na redio, kinashusha masafa. Cha MHz 14 kinaifanya stesheni ya 98.0 isikike ukiweka 84.0. Fanya hesabu kabla ya kununua: redio yako inasoma 76 mpaka 90, kwa hivyo kwa cha 14 utasikia 90 mpaka 104. Iliyo 105.5 inaangukia 91.5, haifiki. Na iliyo 88 inaangukia 74, nayo imepotea. Andika stesheni unazozitaka, toa namba ya kidude, tazama zinaangukia wapi. Kinataka volti 12 zake, chukua kwenye waya wa kijivu na si wa kudumu, na hasi yake ifunge kwenye bati la redio. Cha bei rahisi kinazunguka kwa joto: stesheni ya asubuhi 84.0 mchana inakuwa 84.1. Usishangae ukisikia stesheni mbili juu ya namba moja, hiyo ndiyo tabia yake karibu na mnara.

Na tahadhari kubwa kwa skrini za Kijapani: usitoe betri ovyo. Nyingi zikikosa umeme zinajifunga na kudai diski au kadi ya ramani ya awali, au namba ya siri, kwa maandishi ya Kijapani. Ukihitaji kubadilisha betri, shikilia umeme kwa betri ya pili kwa nyaya za kuazimia. Hakikisha chanya haigusi bati.

Kama haja yako ni kusikiliza simu tu, kidude cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye kiberiti kinatosha. Vinarusha kuanzia 87.5, na redio yako inaishia 90, basi unayo nafasi ya MHz 2.5 za kukutania. Kwanza pita kwenye redio kutoka 87.5 mpaka 90.0 bila kidude, tafuta pahala penye mvumo mtupu, ndipo ukiweke hapo. Ukivuka kwenda Unguja huenda pamejaa, utahamisha.

MaalimMita:

Niongeze kwa anayetaka stesheni za mbali, za Marekani au popote: kwa simu kupitia intaneti, ukicheza kwa Bluetooth. Mkondo wa kbps 64 unakula karibu MB 29 kwa saa, wa 128 karibu MB 58. Chagua wa 64 kwa mazungumzo na habari, hutosikia tofauti kwenye mngurumo wa barabara. Mitandao ikikatika shamba, ongeza akiba ya kupakia kwenye programu mpaka sekunde 30 kama inaruhusu. Na Noah yako, NoahWete, kabla hujanunua kidude chochote tazama kama skrini ina tundu la VTR (la kuingizia picha na sauti) nyuma yake au kwenye kasha la glavu: pini tatu za njano, nyeupe na nyekundu. Kama lipo, kipokezi cha Bluetooth chenye waya wa sauti kinaingia kwenye nyeupe na nyekundu, na masafa huyahitaji tena.